Mapigo Kutoka Stoo ya Unga

Miguu ya mwokaji ilikuwa imelala, lakini moyo wake ulikuwa unakimbia. Ndivyo simu ya mkewe ilivyosema, naye mkewe hakuwa mtu wa kuambiwa jambo kama hilo akalimeza.

Mtaani walimwita Jicho, kwa sababu hakuna kilichopita mbele ya duka lao la mikate asikione. Saa ya mazoezi aliyoivaa mumewe aliinunua yeye, mtumba, bila kuuliza imetoka mkononi mwa nani. Alimwambia mumewe ni kwa ajili ya afya, maana daktari alishamsema kuhusu kitambi. Ukweli ni kwamba wivu ulimzidi, na saa ilituma kila kitu kwenye simu yake.

Mwanzoni saa ilimuudhi mwokaji. Alikanda unga asubuhi nzima, jasho likimtiririka, nayo ikamhesabu mvivu kwa kuwa hakutembea.

"Sasa hii kazi ya mikono haiioni?" alilalamika.

"Inaona hatua tu, mume wangu. Kabla hujaanza kukanda, bonyeza hapa, 'zoezi jingine'. Itafuata mapigo ya moyo. Ukimaliza, bonyeza tena isimame."

Kuanzisha alikumbuka. Kusimamisha akasahau kila siku. Alimaliza kukanda, akaufunika unga uumuke, kisha akajilaza stoo juu ya magunia, saa ikiendelea kuhesabu.

Hapo ndipo Jicho alipoona. Moyo wa aliyelala hutulia. Wa mumewe ulitulia kidogo, kisha ukapanda kupita hata wakati wa kukanda, na hatua hakuna hata moja. Kesho yake hivyohivyo. Halafu aproni yake ikaanza kunukia asumini.

"Marashi ya nani haya?" Jicho aliuliza.

"Marashi gani? Mimi nanukia hamira."

"Unanidanganya macho makavu."

"Mke wangu, nalala tu. Tena siku hizi naamka nimechoka kuliko nilivyolala."

Jicho alimwona mwanamke huyo waziwazi akilini, mwembamba, mcheshi, asiyejua hata unga unavyochekechwa. Aliapa atamng'oa nywele.

Adhuhuri mstari wa mapigo ulipoanza kupanda kwenye simu, alivua viatu akanyata hadi mlango wa stoo. Ndani mtu alikuwa akiimba mdomo umefumbwa, sauti laini ya kike. Jicho akasukuma mlango.

Mumewe alikuwa amelala chali juu ya magunia, peke yake, macho yamefumbwa, na mkono wake wenye saa ulikuwa umeinuka hewani ukienda kulia na kushoto taratibu, vidole vimekunjwa kushika kisichoonekana, na harufu ya asumini ilikuwa nzito hata Jicho akaionja ulimini, na unga uliomwagika sakafuni, ambao hata mende akipita huacha alama, haukuwa na unyayo wowote ila wa mumewe, lakini pale kando ya magunia ulikuwa ukizunguka polepole, ukifagiwa na pindo la nguo ambayo haikuwepo, mpaka wimbo ukakatika ghafla, mkono ukasimama hewani, na Jicho akajua, bila kuona uso wa mtu, kwamba anatazamwa, na kwamba anayemtazama ana wivu kumzidi yeye.

Hakung'oa nywele za mtu. Alitimua mbio.

Shangazi wa mwokaji, aliyejulikana kwa kutoa majini, alifika jioni ileile. Hakuwa na makeke. Alimvua saa mtoto wa kaka yake, akaisomea kwa sauti ndogo, akaitupa ndani ya tanuri. Kitu kikalia humo kama mwanamke aliyeachwa.

"Alikuja na hiyo saa," shangazi alimnong'oneza Jicho. "Sasa ametoka. Lakini wewe, mwanangu, nakuonya. Futa hicho kitu cha saa kwenye simu, wala usimchungulie tena. Huyu hakai asipotakiwa. Hukaa kwa anayemtafuta."

"Nimekuelewa, shangazi."

Alielewa kweli. Ila hakufuta.

Mwokaji alipona, akanawiri, akaanza hata kupiga mluzi akikanda. Mke mwingine angeshukuru. Jicho alijiuliza mluzi huo ni wa nani. Yule alikuwa na nini hata moyo wa mumewe umkimbilie vile, wakati kwake yeye haujawahi hata kuharakisha? Swali hilo lilimla. Kila adhuhuri alifungua simu chini ya meza ya duka, akakuta mstari umelala, akafunga, akafungua tena.

"Uko wapi?" alinong'ona siku moja, akashangaa kuisikia sauti yake mwenyewe.

Mstari ukainuka.

Mumewe alikuwa pale mbele yake akimfungia mteja mikate, mkononi hana saa. Jicho akajiwekea vidole shingoni. Mapigo yaliyokuwa yakipanda kwenye simu yalikuwa yake mwenyewe, pigo kwa pigo. Alitaka kumwita mumewe, lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshateleza kutoka mezani, ukapanda hewani taratibu, na vidole vya baridi vikaushika.

Mteja akaondoka. Mwokaji akageuka, akanusa, uso ukambadilika.

"Mke wangu," alisema kwa sauti ya chini, "marashi ya nani haya?"