Dobi na Utando wa Kidonda

Dobi hakulala na nguo chafu ndani. Mashuka ya wateja, aproni za mumewe kinyozi, hata matambara ya kudekia, yote aliyafua siku hiyo hiyo. Mumewe alimtania kwamba angepata nafasi, angemfua na yeye, amwanike.

Kinyozi alikuwa na kisukari. Kiatu kilimchubua kidole gumba cha mguu wa kulia, pakawa kidonda. Miezi minne kikagoma kufunga. Daktari akasema wazi: kisipoonyesha nafuu katika wiki nne, kidole kitakatwa.

Muuguzi wa kliniki akakisafisha, akakidondoshea dawa nyepesi kama maji. Punde ikaganda, ikawa utando laini. Akafunga bandeji, akawaambia wasiifungue mpaka siku ya tano.

Siku ya pili bandeji ikalowa. Dobi akaifungua. Utando ulimtelezea vidoleni kama makamasi. Akauosha kwa sabuni mpaka ukaisha, roho yake ikatulia.

Siku ya tano muuguzi alikitazama kidonda, akauliza nani amekiosha. Kinyozi akakohoa, akaangalia dari. Dobi akasema ni yeye, tena kwa fahari kidogo.

"Mama, ule haukuwa uchafu. Ulikuwa wavu."

Dobi akataka kujua nani aliufuma.

"Ulijifuma. Sabuni ikiingia kwenye maji yenye mafuta, nani huiambia iyazunguke?"

"Hakuna. Inajipanga yenyewe."

"Basi na dawa hii. Chembe zake hazionekani kwa macho. Zikikutana na chumvichumvi ya mwilini, zinashikana zenyewe. Nyama mpya inatambaa kwenye wavu huo. Baadaye mwili unauyeyusha pole pole."

Dobi alikitazama kidonda. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, kama amekiua kidole cha mumewe.

Muuguzi akasema bado kuna nafasi. Akadondosha dawa upya. Bandeji ikilowa, au wakiona uvimbe, harufu au homa, waje siku hiyo hiyo.

Siku ya tatu ikalowa tena. Mikono ya dobi ikamwasha. Akaikunja kwapani, akampeleka mumewe kliniki. Pale bandeji ikabadilishwa, utando ukaachwa.

"Mke wangu leo kaona uchafu, akaupa likizo," kinyozi akamwambia muuguzi.

Wiki ya nne, nyama ya waridi ilionekana pembeni. Daktari akafuta tarehe ya kukata. Baada ya miezi miwili zaidi, kidonda kikafunga.

Asubuhi ile dobi alitoa kabatini soksi ya kulia. Ilikuwa imekaa humo zaidi ya nusu mwaka, imefuliwa, imepigwa pasi, inasubiri mguu.