Tangazo Lililonitangulia

Lifti ya jengo lile ilikwama saa ya chakula cha mchana, watu wa ofisi zote wamejazana ukumbini wakibonyeza kitufe kwa zamu, kana kwamba kidole cha fulani kina nguvu kuliko cha mwenzake. Ndani alikuwamo mtu mmoja tu: fundi wa kukata lenzi wa duka la miwani la ghorofa ya tatu, mwanamke mwembamba wa gauni la kijani na miwani myekundu aliyojitengenezea mwenyewe, amekumbatia katoni ya fremu.

"Dada, mzima humo ndani?" sauti ya mwanamume iliuliza kutoka juu.

"Mzima, ila nina njaa na hasira."

"Hasira za nani?"

"Za mwenye lifti!"

"Basi nimepona. Mimi ni fundi tu."

Mlango ulipobanduliwa, aliona kwanza mkono wenye grisi, kisha overoli ya bluu, kisha meno meupe yanayocheka. Jioni ile simu ikaita. Namba ilichukuliwa kwenye bango la duka.

"Naulizia hasira zinaendeleaje."

"Zinaendelea vizuri, hazijambo."

Tangu hapo yeye akawa Miwani, na yule bwana akawa Lifti, na hakuna jioni iliyopita bila mmoja kumpigia mwenzake. Dada yake Lifti akaanza kumwita wifi hata kabla ya posa.

Miezi kadhaa baadaye, daktari alimwambia Miwani kwamba ana uvimbe mdogo kwenye mfuko wa uzazi. Haukuwa wa kutisha, lakini ulihitaji kuangaliwa tena. Jumapili hiyo alikuwa kwa Lifti. Simu yake imeisha chaji, Lifti yuko jikoni anaunguza mayai huku akijisifu, naye akaivuta kompyuta ya mwenyeji wake akasoma kuhusu uvimbe ule. Alitaka amweleze akiwa anajua anachokisema, si akiwa analia.

Kabla wiki haijaisha, wifi akapiga simu kazini.

"Wifi yangu, pole sana. Tumeshajua shida yako ya kizazi. Usijifiche, sisi ni watu wazima."

Miwani aliizima mashine ya kukatia. "Nani kawaambia?"

"Si hiyo kompyuta ya kaka! Niliiazima, kila nikifungua habari, tangazo: dawa ya uvimbe, tiba ya wanaokosa watoto. Nikamuuliza kaka. Akasema hata yeye anayaona tangu juzi, kwa hiyo lazima ni wewe. Nikamwambia na mama, anakuombea."

Damu ilimpanda kichwani. Jambo ambalo hajamwambia hata mama yake mzazi lilikuwa limeshazunguka ukoo mzima wa watu wengine, likipelekwa na matangazo!

Bosi wake, daktari wa macho, mwanamama mwenye mvi zilizosukwa vizuri, alimkuta amelaza paji la uso mezani. Alisikiliza mpaka mwisho, akasonya.

"Kuna kivinjari kipya," alisema. "Cha kutafutia mambo mtandaoni, kama hicho ulichozoea, ila hiki kinawafukuza wanaokufuatafuata kuona unasoma nini ili wakuletee matangazo. Kijaribu, mwanangu."

Miwani akakipakua kwenye simu, akafungua ukurasa uleule aliousoma Jumapili. Juu pembeni ikatokea ngao ndogo: wafuatiliaji ishirini na saba wamezuiwa.

"Ishirini na saba?" alipiga kelele hadi mteja mmoja akavua miwani aliyokuwa anaijaribu. "Yaani unaingia kwa daktari, unavua nguo, kumbe watu ishirini na saba wamejibanza nyuma ya pazia!"

Jioni Lifti alikuja kumchukua, shati jeupe limenyooshwa, ananukia sabuni. Akaiona alama mpya kwenye simu.

"Hiki ndicho kile kisichoacha nyayo? Mpenzi, hivi vitu hutumiwa na watu wenye cha kuficha."

"Ninacho."

"Nani huyo?"

"Mwili wangu!"



"Matangazo uliyaona," Miwani aliendelea. "Ukaweza kuzungumza na dada yako. Mimi hukuniuliza hata neno moja."

"Niliogopa kukuumiza, laazizi."

"Kwa hiyo ukamwachia dada yako aniumize kwa niaba yako! Hiki kivinjari kinazuia wafuatiliaji. Mdomo wa dada yako kimeushindwa. Nenda."

Akaenda. Simu zake hazikupokelewa, jumbe zake hazikujibiwa. Miwani alikata lenzi kwa hasira, na usiseme hakumkumbuka. Alimkumbuka, na hilo nalo lilimkasirisha.

Siku moja akiwa anafunga duka, akapokea.

"Usikate," Lifti alisema mbio mbio. "Nimekipakua kile kivinjari. Nimeingia tu kuangalia matokeo ya mpira, hata huko wafuatiliaji wamejaa! Nimekasirika kweli."

"Umekasirika kwa ajili ya mpira. Hongera."

"Nisikilize, Miwani. Wale hawakujui, na nawachukia. Mimi nakujua, na nimefanya kama wao: nimechukua habari yako nikampa mtu mwingine. Nimemwambia dada, nimemwambia na mama, mambo ya mwili wako hayajadiliwi tena nyumbani kwetu. Dada kanuna."

"Anune."

"Ndivyo nilivyomwambia. Nisamehe."

Miwani alisimama na funguo mkononi. "Bado nina hasira."

"Najua."

"Alhamisi asubuhi nina miadi kliniki. Nakuambia mwenyewe, kwa mdomo wangu. Na wewe ndiye wa kwanza kujua."

Alhamisi Lifti alikaa kwenye benchi la kliniki na overoli yake, katikati ya kina mama walioshika kadi zao. Miwani alipotoka kwa daktari, Lifti akaruka akasimama.

"Usiniambie kwanza!"

"Sasa umekuja kufanya nini?"

"Nataka kukuuliza kabla sijajua. Nikishajua utadhani nimepiga mahesabu. Majibu yoyote, yawe mazuri, yawe mabaya, nataka tuoane. Unakubali?"

Benchi zima likageuka. Mama mmoja akaishusha simu yake mapajani ili asikie vizuri.

"Wewe mwanamume una akili?" Miwani aliwaka. "Nimegombana na ulimwengu mzima kwa ajili ya siri zangu, halafu unakuja kuniuliza jambo kama hili kwa sauti ya kuuzia nyanya?"

Lifti akajishika mdomo. Miwani akamtazama, mtu mzima amesimama kama mwanafunzi aliyechelewa, na kitu kikalegea kifuani mwake. Akamvuta kola, akamnong'oneza sikioni. Kina mama wakainama mbele kwa pamoja. Hawakuambulia kitu, ila walimwona yule fundi akifunika uso kwa mikono yake miwili, mabega yakitikisika, kisha akicheka huku anajifuta macho.

Majibu ya daktari alimwambia nje, barabarani, wakitembea polepole mkono kwa mkono. Hayo ni yao wawili.