Walinivunjia Mlango Nikimnyoosha Mtoto Shingo

Nina miaka ishirini na minne, wasomaji wenzangu, na naishi Elburgon.

Mwanangu wa kwanza alipofika miezi mitatu, niliona anatazama upande mmoja tu. Shingo ilikuwa imekaza, na kisogo kimekuwa bapa upande huo. Mume wangu Kamau, anayepasua mbao kiwandani, alisema kwao hakuna mtoto mwenye kichwa kama hicho. Eti nilimwangusha nikanyamaza!

Basi nikaenda hospitali Nakuru bila yeye kujua. Wifi yangu Wairimu, dada yake Kamau tuliyeishi naye, alinisindikiza. Mtaalamu wa mazoezi alituonyesha sote wawili: shikeni bega, geuzeni kichwa polepole, msitumie nguvu. Atalalamika, alisema, lakini msikate tamaa.

Jamani, alilalamika! Wapangaji wote wa ploti yetu walimsikia. Nami kwa aibu nilikuwa nikifunga mlango na pazia kabla ya kuanza.

Kisha nikamkataza Wairimu kumleta mpenzi wake nyumbani kwangu. Kumbe alikuwa na lake moyoni!

Jumamosi moja, katikati ya mazoezi, majirani walivunja mlango. Mwanamke mmoja alimnyakua mtoto. Mwingine alinikamata nywele akaniburuta hadi uani, na mateke yakaanza. "Unanyonga mtoto, shetani wewe!" Nikalia kwamba ni mazoezi ya hospitali, mwulizeni Wairimu, tulikuwa naye!

Wairimu alisimama pale na simu aliyonirekodia dirishani kupitia upenyo wa pazia, akawaonyesha majirani.

"Hospitali gani? Mimi sijui kitu," akasema.

Walikuwa wameshamwita Kamau. Alikuja na vumbi la mbao kwenye nyusi, na hakuuliza hata swali moja. Alinizaba kofi nikaanguka, kisha akaokota kipande cha mbao... Damu ilinitoka sikioni. Kuna aliyemshika mkono? Hakuna! Walimshangilia.

Mwanangu alipelekwa kwa nyanyake, huko Subukia. Nilimwendea chifu, na alipoingilia kati nikarudishiwa mtoto, shingo ilikuwa imekaza kuliko mwanzo. Chifu akamwamuru Kamau atupeleke Nakuru. Huko mtaalamu akamwambia amgeuze mtoto kichwa yeye mwenyewe. Mtoto akapiga mayowe, na Kamau akaketi sakafuni akalia mbele ya watu.

"Nisamehe, Mama Baraka. Mimi sikujua."

Nilimchukua mwanangu nikamaliza mazoezi.

Sikurudi kwake. Leo Baraka anageuka pande zote, na kisogo kinaendelea kujaa. Mimi sikio hili halisikii tena!

Akina mama, nawasihi, msifiche matibabu ya mtoto kwa kuogopa maneno. Mburuteni baba yake hadi hospitalini, aone kwa macho yake. Nanyi majirani, mkisikia mtoto analia, bisheni hodi, mkaribishwe, muulize. Hivi kubisha hodi kuna ugumu gani?