Mlango Usio na Kitasa

Rafiki yangu Luhende, mnunuzi wa pamba wa Bariadi, alitajirika soko huria lilipofunguliwa, na papo hapo akaanza kufunga milango. Fundi aling'oa vitasa vyote vya Korola yake, akaziba hata matundu ya funguo, bodi ikawa laini kama kipara cha bwana harusi. Ilifunguka kwa rimoti tu.

"Mzee," nikamwambia, "mwizi akija atakupigia hodi!"

Alicheka mpaka akakohoa.

Masika yale alikwenda kijijini Kimali kumchukua mama yake, aliyekuwa akihema kwa shida, ampeleke hospitali. Alimbeba mgongoni, akamwegemeza kwenye gari. Mvua ilimwagika, na mawingu yalikuwa yameitia jioni giza tii. Akabonyeza rimoti. Kimya. Akabonyeza tena. Mama alikuwa akipapasa bati, kiganja kikiteleza: shwaa, shwaa.

"Ng'wanawane, mwanangu, huu mlango unashikiwa wapi?"

"Subiri, mayu. Subiri kidogo."

Alipopata jiwe na kuvunja kioo cha mlango wa mbele, kiganja kilikuwa kimetulia. Mama hakuwa na pumzi tena.

Siku ya mazishi, Luhende aliitupa ile rimoti kaburini, ikafukiwa pamoja na mama. Akaingia garini kwa kupitia dirisha lililovunjika, akarudi Bariadi peke yake.

Giza lilimkuta njiani, gari likienda kasi. Ndipo akasikia kwa nje, kwenye mlango wa nyuma: shwaa, shwaa. Hakusimama.

Loki ikalia, ta! Mlango ukafunguka, ukafungwa taratibu, na kiti cha nyuma kikabonyea.