Aproni Haina Mdomo

Kila asubuhi Mama Pasi alimtikisa mumewe, akajimwagia maji, akatoka mbio. Kazi yake ilikuwa kunyoosha mashuka ya hoteli kwenye kiwanda cha kufulia nguo. Alikuwa fundi kwelikweli! Shuka likitoka mezani kwake, hata nzi akitua anateleza. Ndiyo maana akaitwa Mama Pasi. Mumewe, seremala ambaye hajawahi kushika pasi maishani, naye akaitwa Baba Pasi.

"Jina nimepewa, moto sijauona," alikuwa akisema.

Basi siku moja kifua kikambana Mama Pasi. Akakohoa mpaka machozi. Hospitalini daktari akamwambia, "Mama, hii ni homa ya mapafu. Lala, meza dawa, na usiguse kazi mpaka nikuruhusu." Akampa na cheti cha ugonjwa.

Nyumbani, Baba Pasi akachukua simu. "Niwaambie kazini?"

"Weka simu chini! Unataka nifukuzwe? Wenzangu watanifunika."

Kufunika ndiyo ilikuwa desturi yao pale. Kila meza ya pasi ilikuwa na msumari. Aproni ikining'inia kwenye msumari, maana yake mwenyewe kaenda chooni, anarudi sasa hivi. Sasa mmoja akiumwa, wenzake walimtundikia aproni yake, wakagawana mashuka yake. Msimamizi akipita, anaona aproni, anaona mashuka yamenyooka, anaendelea. Walifanya hivyo kwa upendo. Lakini ugonjwa wa Mama Pasi haukuwa wa siku moja, na msimamizi akaanza kushangaa mtu wa chooni asiyerudi.

Alipopona akarudi kazini. Mlinzi akamzuia getini.

"Mama, nisamehe. Nimeambiwa usiingie. Umeachishwa kazi."

"Nani kasema?"

"Msimamizi. Anasema wewe mtoro. Na aproni yako kaitupa kwenye pipa la taka."

Pipa la taka! Mama Pasi alihisi damu inachemka kuliko pasi yake. Alirudi nyumbani akatupa mkoba, akapiga mlango teke.

"Miaka yote namnyooshea mashuka, leo mimi takataka? Nakwenda kumfumua!"

"Mke wangu, utamfumua, halafu utafungwa," alisema Baba Pasi. "Kaa kwanza."

"Sikai!"

Kelele zilipita ukutani. Jirani yao akaingia bila hodi, kanga begani. Huyu alikuwa katibu wa chama cha wafanyakazi kwenye karakana ya mabasi. Mtaa mzima ulimwita Katibu.

"Shoga, umeua nani?"

Mama Pasi akamweleza yote. Katibu akasikiliza, kisha akauliza, "Nani alimwambia msimamizi kuwa unaumwa?"

Mama Pasi akaokota mkoba wake, akaupangusa vumbi.

"Nakuuliza wewe."

"Si aproni ilikuwepo..."

"Aproni haina mdomo!" Katibu naye akapandisha sauti. "Kuumwa si kosa. Kunyamaza ndiko kulikompa fimbo ya kukuchapia. Mficha maradhi, kilio kitamuumbua. Ukiumwa, toa taarifa mapema. Wewe huwezi, mumeo apige simu. Cheti cha daktari kipeleke, nakala ubaki nayo."

Mama Pasi akainamisha kichwa.

"Inua kichwa, sijamaliza. Na yeye kakosa, tena sana! Mtu hafukuzwi getini kama mbwa. Aambiwe kosa lake. Apewe nafasi ya kujieleza, na mwenzake akae naye. Cheti kisomwe. Ndipo uamuzi utoke. Kesho tunadai kikao. Wakikataa, tunakwenda ofisi ya kazi ya serikali, watuambie sheria inasemaje. Wala tusichelewe, maana malalamiko nayo yana muda wake."

Kikao kikapatikana. Meneja alikaa katikati, msimamizi kulia kwake. Mama Pasi alikuja na Katibu, na shoga yake wa meza ya pili.

"Huyu alitudanganya," msimamizi alianza. "Aproni ipo, mtu hayupo."

"Hapo nakubali," alisema Mama Pasi. "Nilikosa, ningepiga simu. Lakini jiulize, kwa nini watu wazima wanaficha homa kama wezi? Yule dada wa meza ya dirishani alikwambia mgongo unamuuma. Ukamjibu nini?"

Msimamizi akatazama dari.

"Ulimwambia, 'Hapa si hospitali!' Kesho yake akafukuzwa. Baada ya hapo nani angekwambia anaumwa? Nani?"

"Ni kweli," shoga yake akasema kwa sauti ndogo. "Sote tulisikia."

Meneja akakisoma cheti. Akamgeukia msimamizi. "Kabla ya kumfukuza, ulimwita umsikilize?"

"Hapana. Niliona aproni tu."

"Kumbe wewe huwa unaongea na aproni!" Katibu akamtupia.

Meneja hakucheka. "Mama, rudi kazini. Kwa kuficha nakuonya. Kwa kuumwa huna kosa."

Mama Pasi hakuinuka. "Na dada wa dirishani?"

"Hilo ni jambo jingine."

"Ni hilohilo! Simwachi."

Meneja akashusha pumzi. "Naye aitwe. Atasikilizwa."

Akasikilizwa, akarudi mezani kwake. Desturi ya kufunika ikafa. Baba Pasi mwenyewe alikuja na nyundo, akapigilia msumari mpya mlangoni kwa msimamizi. Siku hizi mtu akiumwa, anapiga simu kwanza. Kisha mwenzake anaitundika aproni yake pale mlangoni na kusema wazi, "Huyu anaumwa." Akipona, anakuja na cheti, anachukua aproni yake, anaendelea na kazi.

Asubuhi moja kwenye msumari ule lilining'inia koti. Koti la msimamizi! Homa ilikuwa imemlaza. Wanawake wakaangua kicheko.

Mama Pasi hakucheka. Alilitazama lile koti, akakumbuka pipa la taka.

"Hebu liacheni hapohapo," akasema. "Apumzike, apone, na kazi yake aikute. Lakini akirudi, mimi ndiye nitakayemuuliza: ati ulisema hapa si wapi vile?"

Akawasha pasi.