Kikopo cha Shingoni

Maneno yalianzia kwenye kioski cha maji, mtaa wa Manyatta karibu na ziwa, na Nakhumicha hakuweza kuyatoa kichwani.

"Hao wa kina Khaemba?" Rachael alisema kwa sauti. "Babu yao alikuwa mtu wa Mzungu. Alivaa alama yake shingoni. Ulizeni!"

Wanawake wakacheka. Nakhumicha akajitwika mtungi, akaondoka. Alama yenyewe ilikuwa kweli chini ya kitanda chake: kikopo cha chuma chenye mnyororo. Mumewe, Khaemba, alikirithi kwa babu yake, wala hakujua ni cha nini.

Jioni binti yao Lorine alirudi kutoka shule akilia. "Wananiita kitukuu wa msaliti. Kesho siendi."

Asubuhi Khaemba alipotoka na bodaboda yake, Nakhumicha alimpelekea kikopo Ochieng, mnunuzi wa vyuma vikuukuu.

"Lete, Mama. Hii naponda na mabati."

"Ponda kabisa!"

"Ngoja, Ochieng!" Alikuwa jirani, Mwalimu Zeituni, aliyefundisha historia mpaka akastaafu. Alitoka mlangoni na ufagio mkononi. "Mama Lorine, unajua unachouza?"

"Aibu ya nyumba yangu, Mwalimu."

Zeituni alikifungua. Ndani hamkuwa na kitu. "Hiki kiliitwa kipande. Humu mlikaa karatasi yenye jina la mtu, alama za vidole na jina la mwajiri. Mkoloni aliwalazimisha wanaume Waafrika kukivaa. Ukitembea bila hicho, unashikwa. Mwajiri akikataa kutia sahihi, huwezi kuhama kazi. Watu walisema wamevishwa kengele kama mbuzi."

"Kwa hivyo hakikuwa zawadi?"

"Mbuzi hupewa kengele kama zawadi?"

Nakhumicha alicheka. "Lakini babu hakuingia msituni. Hakupigania uhuru."

"Nani amekwambia vita vilikuwa msituni peke yake? Kule walishika silaha, wengi wakafa. Huku ziwani watu walikusanyika, wakapinga kipande, wakalalamikia kodi ya nyumba. Wafanyakazi waligoma. Wengine walifungwa. Uhuru haukuletwa na kabila moja. Babu yenu alifanya nini, mimi sijui. Waulizeni wazee wa kwenu. Lakini kikopo hiki hakimshtaki yeye. Kinamshtaki aliyemvisha."

Nakhumicha alichukua kikopo, akaenda nacho moja kwa moja kioskini. Mwalimu akamfuata. Mbele ya watu wote Nakhumicha akaeleza alichofundishwa.

"Rachael," Mwalimu akauliza, "babu yako alifanya kazi wapi?"

"Kule Miwani, shamba la miwa."

"Basi na yeye alivaa."

Rachael alikichukua kikopo, akakigeuza mkononi. "Yawa! Kama hiki kilikuwa nyumbani kwetu. Mnyororo wake tulifungia mbuzi."

Safari hii hakuna aliyecheka.

"Nisamehe, Mama Lorine," Rachael akasema polepole.

Kesho yake Lorine alikubali kwenda shule, ila na kikopo, akawaonyeshe wenzake. Alitaka kukivaa.

"Shika mkononi," mama yake akamwambia. "Shingoni, hapana."

Mama mwenzangu, jihadhari na haya:

Usiuze wala kutupa kitu cha wazee kabla ya kuuliza kilikuwa cha nini.
Usimwite mtu msaliti kwa maneno ya kioskini.
Usimwambie mtoto kwamba uhuru ulipiganiwa na kabila moja.
Usinyamaze mtoto akirudi nyumbani analia.
Usingoje mzee afe ndipo uanze kumuuliza.