Mchana Usio na Kivuli

Jioni moja ya Juni, mwili wa Pandit Nilkanth Vyas ulitolewa kisimani, uani kwake, mjini Ujjain. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Kando ya kisima kilisimama kijiti chake, kile alichopimia mwendo wa jua kama maandiko ya kale yanavyofundisha.

"Msiniulize mimi!" alilia Rukma, mpishi wake. "Mchana nilimwona amesimama pale kijitini, jua kali, na kivuli hana! Ananiita, ananionyesha chini. Nikatimua mbio. Ule ulikuwa mzimu, afande. Mwenyewe kashakufa."

Mtaa mzima tukafunga milango kabla ya giza. Nani kwetu asiyejua kuwa mzimu hauna kivuli? Na kama Guruji, ndivyo tulivyomwita mwalimu huyo, alikufa kabla ya mchana, basi muuaji ni Ambuj, mwanafunzi wake, kwani asubuhi majirani waliwasikia wakifokeana. Harihar, mpwa wa marehemu na mtunga kalenda ya sikukuu na harusi, alitikisa kichwa kwa huzuni. "Mama Rukma hasemi uongo," alisema. "Kijana yule anyongwe tu." Yeye asubuhi yote alikuwa hekaluni, mbele ya watu.

Inspekta Urmila Kanetkar alimfuata Ambuj mahabusu.

"Mligombania nini?"

"Aibu tupu, afande. Nilitaka kwenda mtoni kumfanyia marehemu mama ibada yake ya mwaka. Guruji akafoka, 'Utaikosa siku ya kijiti!' Nikaondoka hata miguu yake sikuigusa kumuaga kwa heshima." Kijana akaangua kilio. "Nilikaa na makuhani wa mtoni mpaka jioni. Waulize."

"Siku ya kijiti ndiyo siku gani?"

"Jua likipita juu ya utosi wa mji wetu. Wazee wa kale waliliandika hilo. Kijiti kinameza kivuli chake. Ni siku chache tu kwa mwaka."

Inspekta alikwenda mtoni. Aliwauliza makuhani, wakamthibitishia maneno ya kijana.

Kesho yake, jua likiwa utosini, alitukusanya uani.

"Mama, simama kijitini. Tazama chini."

Rukma akatazama, akapiga ukelele. "Nimekufa! Jamani, nimekufa!"

"Hujafa, mama. Hata mimi sina kivuli. Hata Harihar hana."

Sote tukajitazama miguuni. Wengine walianza kumtaja Mungu kwa sauti ya chini, na mimi nilikuwa mmoja wao.

"Kwa hiyo mchana ule Guruji alikuwa mzima," alisema Inspekta, "na Ambuj alikuwa mtoni. Sisi tuliogopa kwa sababu hatukujua. Lakini wewe Harihar, kazi yako ni kuhesabu jua. Ulijua. Mbona ulinyamaza?"

"Ni... nilisahau."

"Mtunga kalenda kasahau jua? Acha utani, bwana. Ulipotoka hekaluni mchana ulikwenda wapi?"

Harihar akapayuka. "Alitaka kunitangaza hekaluni! Eti kijiti kimeonyesha mahesabu yangu yameteleza, harusi za watu nimezipangia siku mbaya. Ningekuwa kichekesho cha mji! Nilimbembeleza. Akacheka. Nikamsukuma, kichwa kikagonga ukingo, akatumbukia."

Akafungwa pingu. Jioni ile ile Ambuj aliachiliwa, akaja moja kwa moja uani, akainama, akagusa udongo pale mwalimu wake aliposimama.

Rukma alikuwa bado kijitini.

"Afande, kumbe alikuwa mzima."

"Ndiyo, mama."

"Alikuwa anacheka. 'Rukma, njoo uone!' Na mimi nikamkimbia." Akajiziba mdomo kwa ncha ya sari. "Ningekwenda, Harihar angetukuta wawili."



Mzimu wa maiti tungeufukiza ubani ukaondoka. Huu wa Rukma hauondoki. Mpaka leo, siku hizo za Juni zikifika, husimama kijitini peke yake katika jua la utosi, akaitika kwa sauti: "Nimekuja, Guruji. Nionyeshe."